Jina Bila Ulimi: Mshika Usukani wa Conrad Kitabuni na Katika Televisheni

Wahakiki wanaolinganisha riwaya na tamthilia ya televisheni iliyotokana nayo wamezoea kuhesabu. Nani ameachwa nje, nani ameongezwa, wahusika gani wawili wameunganishwa kuwa mmoja, nani alikufa kitabuni akaponea kwenye kioo. Hesabu ya namna hiyo si ya bure, kwa kuwa huonyesha mahali mkono wa mgeuzaji ulipopita. Lakini huacha swali moja ambalo kwa mwanaisimu ndilo la kwanza: je, mhusika huyo anasema? Na kama anasema, anasema na nani, kwa lugha gani? Mwandishi wa riwaya anayo ruhusa ambayo mwongozaji wa filamu hana. Anaweza kuandika kwamba watu walipita njiani, akaweka nukta, akaendelea na safari yake. Mwongozaji hana budi kuwatafuta watu hao, kuwavisha, kuwasimamisha mbele ya kamera na, wakiwa na sehemu yoyote ya maana, kuwapa kitambulisho katika orodha ya waigizaji. Ukimya wa kitabuni, ukihamishiwa televisheni, huwa ni ukimya wa mtu anayeonekana. Na mtazamaji huanza kujiuliza kwa nini mtu huyu hafungui kinywa.

Kwa msomaji wa Kongo, ni vigumu kupata kitabu kinacholipima jambo hili kwa ukali zaidi kuliko Heart of Darkness cha Joseph Conrad. Kisa hicho kifupi kilitoka kwanza katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, kikaingia katika kitabu mwaka 1902, na msomaji wa Goma au Bukavu kwa kawaida hukutana nacho kwa Kifaransa, kwa jina la Au cœur des ténèbres. Kimegeuzwa mara kadhaa. Mgeuzo mashuhuri kuliko yote, filamu ya Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola (1979), ulikihamisha kisa chote hadi katika vita vya Vietnam, na kwa sababu hiyo unaliacha kando suala la Mwafrika kitabuni. Tamthilia mbili za televisheni ya Marekani ndizo zinazofaa kutazamwa hapa: ile iliyorushwa na CBS mwaka 1958 katika mfululizo wa Playhouse 90, na ile ya mwongozaji Mwingereza Nicolas Roeg iliyorushwa na idhaa ya TNT mwezi wa Machi 1994.

Kisa chenyewe kinajulikana. Marlow, baharia, anaajiriwa na kampuni ya biashara ya Ulaya kuongoza meli ya mvuke katika mto mkubwa wa Afrika usiotajwa jina. Anapanda mto hadi kituo cha ndani kabisa kumchukua Kurtz, wakala aliyekusanya pembe nyingi kuliko wenzake wote na ambaye amejifanya mungu mdogo kati ya watu wa huko. Kurtz anafia njiani wakati wa kurudi. Nyuma ya hadithi hiyo imo safari ya Conrad mwenyewe, ambaye mwaka 1890 alipanda Mto Kongo katika meli ya Roi des Belges kutoka Kinshasa hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, na kurudi na wakala mgonjwa, Georges Antoine Klein, aliyefariki safarini. Katika mswada wa mkono mtunzi alianza kwa kuandika Klein, kisha akageuza kuwa Kurtz. Kwa Kijerumani neno la kwanza ni udogo na la pili ni ufupi. Mtunzi aliyejali majina kiasi hicho hakosi kujua anachofanya anapomnyima mtu jina.

Naye aliwanyima karibu wote. Ukiacha Marlow na Kurtz, na nahodha Fresleven aliyeuawa kwa ugomvi wa kuku kabla ya Marlow kuwasili, majina ya watu katika kisa hiki ni machache mno, tena hutajwa kwa kupita tu. Hata Wazungu wengi hawana majina. Hata hivyo kunyimwa huko si kwa aina moja. Mzungu asiye na jina hupewa kazi: Meneja, Mhasibu, Mfyatua matofali. Kazi ni nafasi katika jamii, na mtu mwenye nafasi huweza kuzungumza, kulalamika, kufanya fitina, na wote hao wanafanya hivyo kwa ukurasa baada ya ukurasa. Mwafrika asiye na jina hupewa mwili: viungo, macho, mifupa, shanga, jasho. Wachache wanaopewa kazi, kama mshika usukani na mchochea moto wa tanuri la meli, hupewa kazi hiyo pamoja na dhihaka, kana kwamba mashine wameazimwa tu.

Mshika usukani ndiye anayestahili kutazamwa kwa karibu. Ni kijana wa kabila fulani la pwani, amefunzwa na nahodha aliyetangulia, amevaa pete za shaba masikioni na nguo ya buluu kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo. Marlow anamwona ni mtu wa majivuno, asiyeaminika akiachwa peke yake. Meli inaposhambuliwa kutoka ukingoni karibu na kituo cha Kurtz, kijana huyu anaacha usukani, anafungua dirisha apate kupiga risasi, na mkuki unamchoma ubavuni. Damu yake inajaa viatu vya Marlow. Anakufa bila kutamka neno, ila anamtazama Marlow kwa namna ambayo Marlow hawezi kuisahau, kama mtu anayedai undugu wa mbali. Baadaye msimulizi anakiri kwamba anamkosa sana marehemu huyo, na kwamba hana hakika kama Kurtz alistahili gharama ya uhai uliopotea kwa ajili yake. Ni moja ya nafasi chache sana ambapo kisa hiki kinamweka Mwafrika na Mzungu katika mzani mmoja. Na hata hapo mtu huyu ni macho tu, hana ulimi.

Hoja hiyo ya ulimi ndiyo aliyoishika Chinua Achebe katika mhadhara wake wa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, uliochapishwa mwaka 1977. Mabishano yaliyofuata yameelekea zaidi kwenye shutuma yake kwamba Conrad alikuwa mbaguzi wa rangi, na upande wa pili umejibu kwamba anayesema ni Marlow wala si mtunzi. Mvutano huo haujaisha, lakini umefunika sehemu ya hoja iliyo ya kiisimu na ambayo haihitaji kuamua nia ya mtunzi. Achebe alionyesha kwamba Waafrika wa kitabu hiki hupewa maneno mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale mkuu wa mabaharia wenye njaa anapoomba apewe adui ili wamle. Mara ya pili ni mtumishi anapotangaza kifo cha Kurtz. Zote mbili ni kwa Kiingereza kilichovunjika, cha bandari za Afrika ya magharibi. Mahali pengine ni makelele, minong'ono, ngoma. Hakuna Mwafrika anayesikika akisema na Mwafrika mwenzake kwa namna ambayo msomaji anaweza kuielewa.

Basi televisheni ilifanya nini? Ile ya mwaka 1958, iliyoandikwa na Stewart Stern, ilibadilisha zaidi uhusiano wa Wazungu wenyewe. Marlow, aliyechezwa na Roddy McDowall, alifanywa kuwa mtoto wa kulelewa wa Kurtz, na Kurtz akachezwa na Boris Karloff, mtu ambaye watazamaji wa Marekani walimjua kwa filamu za kutisha. Safari ya biashara ikageuka kuwa safari ya mtoto kumtafuta baba. Kwa upande wa Waafrika mabadiliko makubwa ni kwamba yule mwanamke wa ukingoni, ambaye kitabuni anainua mikono kuelekea mbinguni na kutoweka, alipewa cheo cha malkia na kuchezwa na Eartha Kitt, mwimbaji mashuhuri. Cheo ni kitu, lakini cheo cha malkia asiye na nchi inayojulikana wala raia wenye majina ni pambo zaidi kuliko mamlaka. Mwaka huohuo Achebe alitoa riwaya yake ya kwanza, na Kongo ilikuwa na miaka miwili tu kabla ya uhuru.

Filamu ya Roeg ni jambo jingine. Iliandikwa na Benedict Fitzgerald na kupigwa nchini Belize, Amerika ya Kati, ambako misitu na mito ililazimika kujifanya Kongo. Tim Roth ni Marlow, John Malkovich ni Kurtz. Ni kazi ya heshima, iliyo karibu na kitabu kuliko nyingine, na pengine ukaribu huo ndio unaoifanya iwe ya kupwaya mahali fulani: sentensi ndefu za Marlow, ambazo kitabuni ndizo kisa chenyewe, haziwezi kupigwa picha. Kurtz naye hupungukiwa. Kitabuni ni sauti inayosifiwa na watu wengi kabla haijasikika. Katika filamu ni mwili wa mwigizaji anayejulikana, na mtazamaji amekuwa akimngoja Malkovich, si Kurtz.

Lakini ni filamu hii iliyothubutu kumpa mshika usukani jina. Anaitwa Mfumu, na anachezwa na Isaach de Bankolé, mwigizaji mzaliwa wa Côte d'Ivoire, mwenye uso unaobeba kimya bila kukifanya kionekane upumbavu. Uteuzi wa mwigizaji peke yake ni tahakiki ya kitabu. Dhihaka ya Marlow kuhusu kijana wa majivuno haiwezi kusimama mbele ya utulivu wa mtu huyu. Amepewa jina, uso, na muda. Kifo chake si tena cha chombo kilichovunjika bali cha mtu ambaye mtazamaji amesafiri naye.

Inafaa kulisikiliza jina hilo kwa masikio ya Kikongo na ya Kivu. Kwa Kikongo, lugha ya watu wa mto wa chini ambako kijana wa pwani angeweza kutoka, mfumu ni mkuu, chifu. Kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo mufumu ni mganga, mpiga ramli, kama vile umupfumu kwa Kinyarwanda. Wanaisimu wa Kibantu wanajua kwamba maana hizo mbili, ukuu na uganga, huambatana na mzizi huo tangu kale. Kwa hiyo mtumishi wa chini kabisa katika meli ya kampuni anaitwa Chifu, na mtazamaji wa Goma anamsikia akiitwa Mganga. Iwe ilikusudiwa au ilitokea kwa bahati, ni kinaya kizuri kuliko chochote kilichomo katika mazungumzo ya filamu hiyo. Lakini ni kinaya ambacho filamu yenyewe haikitumii. Marlow hamuulizi jina lake lina maana gani.

Ukiyatazama majina mengine ambayo filamu imeyaongeza, tofauti inajitokeza wazi. Wazungu wa kampuni, waliokuwa na vyeo tu kitabuni, wamepewa majina ya Gosse na Delcommune. Hayo hayakubuniwa. Gosse anatajwa katika shajara ya Conrad ya mwaka 1890 alipokuwa Matadi, na Camille Delcommune ndiye aliyekuwa mkubwa wake Kinshasa, aliyegombana naye. Mwandishi wa filamu, alipotaka jina la Mzungu, alikwenda kwenye kumbukumbu na kulikuta. Alipotaka jina la Mwafrika alichukua nomino ya kawaida. Hapa si mwandishi peke yake wa kulaumiwa, maana shajara yenyewe huwataja mawakala na wamishenari kwa majina na wapagazi kwa jumla. Upungufu wa kumbukumbu hurithiwa na riwaya, kisha na televisheni, na kila kizazi hudhani kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa.

Wakongo wanajua vizuri zaidi kuliko wengi kwamba jina linaloshushwa kutoka juu halina nguvu ya kutosha. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisi ya Mobutu, raia wote walitakiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Hawakupata uhuru wa kusema kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo Mfumu. Anazungumza na Marlow kwa lugha ya Marlow. Kila tunachokijua kumhusu kinapita kwa Marlow. Mhusika hukamilika anapokuwa na mtu wa kuteta naye, wa kumtania, wa kumficha siri bwana wake. Hilo televisheni ingeweza kulifanya kwa dakika mbili tu: watu wawili nyuma ya tanuri, wakiongea lugha yao, na Marlow asielewe. Kioo kina maandishi ya chini kwa kazi hiyo. Riwaya inayosimuliwa na Marlow isingeweza kufanya hivyo bila kuvunja usimulizi wake, filamu ingeweza. Iliacha fursa ambayo ni ya sanaa yake peke yake.

Na mwanamke wa ukingoni? Amechezwa na Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu, na katika orodha ya waigizaji hana jina. Ametambulishwa kwa maneno yenye maana ya mrembo mweusi. Mwaka 1958 alikuwa na cheo, mwaka 1994 ana sifa ya umbo. Haiwezi kuitwa maendeleo.

Mfano wa upande wa pili unasaidia kuona kwamba tatizo si la televisheni yenyewe. Mwaka 1987 Televisheni ya Taifa ya Nigeria, NTA, ilirusha mfululizo uliotokana na riwaya ya Achebe, Things Fall Apart, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo tangu 1973 katika tafsiri ya Clement Ndulute, Hamkani si Shwari Tena. Okonkwo alichezwa na Pete Edochie, aliyetokea redioni na ambaye tangu hapo amependwa kwa sauti yake nzito na kwa methali zake. Sasa, Okonkwo wa riwaya ana kigugumizi kidogo. Maneno yanapokataa kutoka, hutumia ngumi. Kumpa mtu huyo sauti ya Edochie ni kumbadilisha kwa kiwango kikubwa. Kuna kilichopotea: ule uhusiano wa uchungu kati ya ulimi mzito na mkono mwepesi. Lakini hata hasara hiyo inatokana na wingi, kwa sababu kijiji kizima cha Umuofia kinasema, na mtazamaji anaweza kupoteza kigugumizi cha mmoja bila kupoteza lugha ya wote. Kwa Conrad ukipoteza macho ya mshika usukani hubaki na chochote.

Lipo pengo jingine, nalo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Kituo cha ndani cha kitabu, mwisho wa mto, kinasawiriwa kana kwamba ni mwisho wa usemi wa binadamu. Conrad alifika Stanley Falls tarehe 1 Septemba 1890. Mahali hapo palikuwa na mji wa wafanyabiashara, mashamba, misikiti, na watu walioandikiana barua kwa herufi za Kiarabu. Tangu 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikuwa ameteuliwa na Leopold kuwa liwali wa eneo hilo. Alipoondoka kurudi pwani nafasi yake ilishikwa na jamaa yake Rashidi. Kiswahili, ambacho wangwana walikuwa wamekileta na ambacho kilikwisha kuanza kuitwa Kingwana, kilikuwa lugha ya soko na ya amri. Hata jina Kisangani lina kiambishi tamati -ni cha mahali. Yaani msafiri hakufika mahali pasipo na lugha. Alifika mahali ambapo lugha moja ya biashara, ile ya mto iliyokuwa ikizaliwa kati ya mabaharia wa Bangala, ilikutana na nyingine iliyotoka Bahari ya Hindi.

Hao hawamo kitabuni. Hawamo katika Playhouse 90, wala katika filamu ya Roeg, ingawa mwandishi wake alikuwa amefungua kumbukumbu za mwaka 1890 kiasi cha kumpata Gosse. Utetezi wa kisanaa unajulikana: Kurtz hawezi kuwa mungu wa pekee ikiwa jirani yake ni liwali mwenye hesabu za pembe zilizo nadhifu kuliko zake. Ni utetezi wa kweli, na ndio unaoonyesha gharama. Ili Kurtz awe mkubwa, ilibidi mji ufutwe. Wala haikuwa lazima kuwapamba watu hao: walikuwa wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na tamthilia iliyowaonyesha ingekuwa na ukatili wa kutosha bila kuhitaji ngoma za gizani.

Ajabu ni kwamba maandishi ya upande huo yalichapishwa karibu wakati uleule. Kitabu cha Conrad kilitoka London mwaka 1902. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapishwa Berlin na Heinrich Brode kuanzia mwaka huohuo. Humo mtu mweusi wa Zanzibar anasafiri katika nchi hiyohiyo, anataja machifu kwa majina, anasimulia mabishano yao kwa maneno yao, anahesabu frasila. Si shahidi asiye na hatia, lakini katika simulizi lake watu wa ndani wana ndimi. Wanadanganya, wanapatana bei, wanatukana. Mgeuzaji yeyote atakayetaka kukirudia kisa cha Conrad kwa televisheni, hasa akiwa Kisangani au Goma, anayo mazungumzo tayari. Kazi yake ni kuamua mshika usukani anasema nini anapoona gogo majini, kwa Kikongo, kwa lugha ya Bangala, au kwa Kingwana cha kuokoteza.

Atahitaji pia jina moja ambalo wagezaji wote wawili hawakulitafuta. Watu wa Kongo hawakungoja kupewa majina. Nao waliwapa wageni majina. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na jina hilo likaja kuwa jina la serikali nzima. Tippu Tip anaeleza kwamba jina lake alipewa na wenyeji kwa mlio wa bunduki zake. Wengine husema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Mzungu aliyeishi miaka kati yao, aliyepanda vichwa vya watu kwenye miti mbele ya nyumba yake, hakuitwa Kurtz na wanawake waliochota maji chini ya ukingo ule. Waliporudi jioni na mitungi, walikuwa na neno la kumwita, na watoto wao walinyamazishwa kwa neno hilo.